Reli moja, serikali mbili: barua kwa Deo

Mbeya

Kaka Deo,

Habari za huko Gitega? Huku sote wazima, mvua tu ndiyo imetukalia. Uliuliza reli yenu mpya, ya Uvinza huku Tanzania hadi Musongati huko Burundi, ijifunze nini kwa TAZARA, reli ya pamoja ya Tanzania na Zambia, maana nayo itavuka mpaka tuliorithi kwa wakoloni. Jibu langu ni hili: mpaka wenyewe hausumbui sana. Kinachosumbua ni ule umiliki wa nusu kwa nusu.

Hata hivyo tuanze na mpaka. Huu wetu wa Tunduma na Nakonde umetokana na mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya 1890. Wenu ulikuja baadaye, Wabelgiji na Waingereza walipogawana koloni la Mjerumani. Deni kubwa walilotuachia ni upana wa reli, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya njia. Mjerumani alijenga reli ya kati, Dar hadi Kigoma, kwa milimita 1,000. Upande wa kusini kote ni 1,067. TAZARA ilijengwa kwa 1,067 ili behewa lipite New Kapiri Mposhi, mwisho wake kule Zambia, na kuendelea hadi Kongo au Afrika Kusini bila kushusha mzigo. Lakini behewa hilohilo haliwezi kwenda Tabora, kwenye reli ya kati. Milimita 67 tu, na kwa ajili yake mzigo unapaswa kuhamishwa pale Kidatu, kontena moja baada ya jingine. Ninyi mnajenga 1,435 kotekote, kwa hiyo hilo limewapita.

Jambo dogo ambalo watu hulidharau ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Treni ikitoka Tunduma saa nane kamili mchana, yaweza kuingia Nakonde saa saba na robo, yaani kabla haijaondoka! Abiria atacheka, lakini kwenye njia moja, ambako treni mbili hupishana stesheni tu, saa mbili tofauti ndani ya kitabu kimoja cha ratiba ni hatari. Burundi nayo iko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo andikeni mapema kwamba waongozaji wa treni, madereva na mastesheni masta wote watafuata saa moja, na saa ya mahali itumike kwenye tiketi tu.

Sasa nusu kwa nusu. Reli ni kilomita 1,860, kati ya hizo 975 hivi ziko Tanzania na zilizobaki Zambia, lakini hisa ni sawa. Juu kuna Baraza la Mawaziri wa nchi zote mbili, chini yake bodi, kisha menejimenti. Makao makuu yako Dar, na desturi ikawa mkurugenzi mkuu atoke Zambia, naibu wake Tanzania. Kwenye karatasi ni haki tupu. Kwenye kazi, kila jambo kubwa linahitaji ndiyo mbili. Sheria yenyewe ni pacha, moja kwa kila bunge. Ukitaka kugeuza kifungu, kigeuzwe kote kuwili, la sivyo hakijageuka.

Fedha ndiyo balaa. Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza Julai, wa Zambia huanza Januari. Menejimenti ikiomba mtaji, upande mmoja bajeti imefunguliwa, upande wa pili iko katikati na mafungu yameshagawanywa. Anayetoa kwanza anamsubiri mwenzake, na mara ya pili naye hana haraka. Wakati huo kokoto hazinunuliwi. Mkataba wenu uwe na mfuko wa matengenezo unaokatwa moja kwa moja kwenye nauli ya kila tani, kabla serikali yoyote haijaigusa, na uoneshe tarehe ya mwisho ya mchango pamoja na adhabu. Bila adhabu, tarehe ni pambo.

Kwa nini nashikilia kokoto? Angalia kipande cha Mlimba hadi Makambako, ndiko yaliko mahandaki na madaraja mengi, na daraja la Mto Mpanga lenye nguzo za mita 50 hivi. Mvua ikinyesha, udongo wa kingo huporomoka na kuziba mitaro. Maji yakikosa pa kwenda hupenya chini ya njia, tope hupanda kati ya kokoto, na kokoto zenye tope hazishikilii tena taruma, ile nguzo ya kulala inayobeba reli. Taruma la zege likibaki linaning'inia, kila gurudumu linapopita reli huzama na kuinuka. Ukitembea kwa miguu utaliona mara moja: kuna vumbi jeupe la zege pembeni na vifungio vimelegea. Hapo mkaguzi hana hiari ila kupunguza mwendo. Mwendo ukipungua sehemu nyingi, safari ya kwenda na kurudi huchukua siku mara mbili, na mabehewa yaleyale hubeba nusu ya mzigo. Mapato yanashuka, kokoto ndiyo kabisa hazinunuliwi. Reli hii ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa 2014/15 haikufikisha tani 90,000.

Vichwa vya treni navyo vina somo lake. Vile vya kwanza kutoka China, vya haidroliki, milima iliviweza, na miaka ya 1980 vikaja vya dizeli-umeme vyenye nguvu zaidi. Chagueni kwa kupima mlima mkali kuliko yote, na mzigo kamili.

Mishahara isiwapite. Mafundi wawili wa cheo kimoja, mmoja akilipwa kwa shilingi na mwingine kwa kwacha, wataacha kulingana siku sarafu moja ikiyumba. Kwenu itakuwa shilingi na faranga, tena faranga yenu unaijua mwenyewe. Wekeni kipimo kimoja na mkipitie kila robo mwaka.

Mwisho, mabehewa. Behewa likiingia reli ya mwingine lina kodi ya kila siku. Pale pa kukabidhiana wasimame wakaguzi wawili, mmoja wa kila upande, waandike namba, saa, hali ya magurudumu, breki na viunganishi, kisha wote watie saini palepale. Bila karatasi hiyo kila gurudumu bovu litakuwa la jirani.

Beijing, Septemba 2024, serikali zote mbili zilitia saini na Wachina makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Nitumie rasimu yenu. Nataka kuona kifungu cha mfuko wa matengenezo kimewekwa ukurasa gani.

Wasalimie shemeji na watoto.

Nduguyo,
Ambakisye