Mama, nimerudi uwanjani

Copenhagen

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Najua dada ameshakuonyesha ile picha nimevaa jezi, na najua presha imekupanda. Tulia nikueleze.

Ule ugonjwa haukuwa baridi ya huku, wala mkono wa mtu. Ni virusi vilivyoshambulia misuli ya moyo baada ya mafua, ikavimba. Ukikimbia na moyo ulio katika hali ile, mapigo yanaweza kuvurugika ukaanguka palepale. Ndiyo maana madaktari humkataza mgonjwa mazoezi kwa muda, mara nyingi miezi 3 hadi 6, hata akijiona mzima. Nami nilijiona mzima mapema mno. Hilo liliniuma kuliko kulazwa! Nikawa nakwenda Fælledparken, ile bustani kubwa tunakochezea mpira, kuwabebea wenzangu chupa za maji.

Ruhusa nayo haikutolewa kwa mdomo tu. Waliupiga moyo picha, wakanivalisha kidude cha kurekodi mapigo mchana na usiku, kisha wakanipandisha baiskeli isiyokwenda popote, nyaya zimejaa kifuani, daktari anaongeza uzito huku macho yake yakiwa kwenye skrini.

Viwanja vyetu viko jirani na Parken, uwanja mkubwa wa mpira alipoanguka mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, tarehe 12 Juni 2021, Denmark ikicheza na Finland. Baba anaikumbuka ile mechi. Yeye moyo ulisimama, akashtuliwa kwa mashine, akawekewa kifaa kifuani. Italia, alikokuwa akichezea klabu, hawakumruhusu kucheza nacho, akaenda Brentford ya Uingereza, na Februari 2022 akarudi uwanjani. Yangu si kama yake, sina kifaa. Ila watu wa hapa walishaona, kwa hiyo nikiinua mkono kuomba kutoka hakuna anayeniita mwoga.

Mechi ya kwanza nilipewa dakika chache za mwisho. Pasi yangu ya kwanza nikampa adui, na beki wao akanipita kama nguzo ya umeme. Pumzi nilikuwa nayo, mama. Kilichonisumbua ni masikio: nilikuwa nausikiliza moyo badala ya kumsikiliza mwenzangu anayeita mpira.

Basi usiniambie niache. Niambie nisikose kliniki, nitakwenda. Kifua kikibana au nikisikia kizunguzungu, natoka hata kama tunafungwa.

Mfikishie baba shikamoo yangu. Mdogo wangu akizitaka daluga zangu zilizo uvunguni, avae, ila asiziuze. Nikija likizo nitazitaka.

Mwanao