Umekaa miaka bila kupimwa meno? Soma hapa kabla hujaja

Wagonjwa waliokaa miaka mingi bila kumwona daktari wa meno huanza na neno moja: "Samahani." Wanaziba mdomo kwa kiganja, wanaomba radhi kwa hali ya meno yao hata kabla hatujawasha taa. Tunakuomba usiwe na wasiwasi huo. Vinywa vya namna hiyo tunaviona kila siku ya kazi, na hapa hakuna atakayekugombeza.

Hofu nyingine ni ya kung'olewa. Wote tumekua tukisikia kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa, na msemo huo umewaondolea watu meno mengi ambayo yangeweza kupona. Jino lililotoboka huzibwa. Hata uozo ukifika kwenye kiini, yaani sehemu laini ya ndani ya jino yenye mishipa ya fahamu, mara nyingi tunaweza kusafisha mzizi na kuuziba, jino likabaki mahali pake. Tunashauri kung'oa pale jino lilipovunjika vibaya hadi chini ya fizi, au mfupa unaolishika ulipoliwa sana. Na hata hapo, uamuzi ni wako.

Siku ya kwanza ni ya kuangalia. Tunapita jino moja moja, tunapiga eksirei panapohitajika, kisha tunapima fizi kwa kifimbo chembamba chenye alama za milimita, tukikiingiza taratibu kati ya jino na fizi. Utatusikia tukitaja namba: mbili, tatu, mbili, tano. Hadi 3 kwa kawaida ni salama. Kuanzia 4 kwenda juu, tunaangalia kwa makini kama fizi imeanza kuachana na jino. Mwisho tunakaa pamoja, tunakueleza kipi ni cha haraka na kipi kinaweza kusubiri mwezi ujao, na gharama ya kila kimoja.

Kuna jambo moja tunataka ulielewe vizuri. Jino lililokuuma sana, kisha likanyamaza lenyewe, usilihesabu kuwa limepona. Mara nyingi kiini kimekufa, ndiyo maana husikii kitu, huku maambukizi yakiendelea kushuka kwenye mzizi. Baadaye linakuja jipu, shavu linavimba, na wakati mwingine hali inakuwa ya hatari. Antibayotiki za kununua duka la dawa zinaweza kutuliza uvimbe kwa muda, ila chanzo kinabaki ndani ya jino. Karafuu nayo inapunguza maumivu kweli, bibi zetu hawakukosea. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo hata sisi madaktari hutumia kwenye baadhi ya dawa za kuziba jino kwa muda. Lakini haizibi tundu.

Sasa tuje kwenye kusafisha, maana hapa ndipo maneno ya mtaani ni mengi. Utando laini unaobaki kwenye meno huanza kukomaa ndani ya siku chache kwa madini yaliyomo kwenye mate, ukawa ugaga mgumu ambao mswaki hauwezi kuutoa. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini: ule ukuta wenye mikwaruzo ndio wenyewe. Hupenda kujikusanya pale kwa sababu mate hutokea karibu. Tunauondoa kwa mashine inayotetema na kutoa maji, na fizi zikiwa zinauma tunaweka ganzi kwanza.

Baada ya hapo wengine hurudi wakilalamika: "Mmenilegeza meno, na sasa kuna mianya." Tunawaelewa. Ugaga ulikuwa umejaza nafasi ambayo fizi na mfupa viliiacha zamani, na wakati mwingine ulikuwa umeyashikanisha meno yenyewe. Ukitolewa, unaona kilichokuwa kimefichwa. Kama ungebaki, mfupa ungeendelea kuliwa. Meno yanaweza pia kusisimka kwa maji baridi kwa siku kadhaa. Dawa ya mswaki iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yanayosisimka husaidia. Na kama fizi zinatoa damu, usiache kupiga mswaki. Piga taratibu, kwa mswaki laini, hadi pale jino linapokutana na fizi. Mvutaji sigara asijifariji kwamba yeye hatoki damu: sigara huificha dalili hiyo huku ugonjwa ukiendelea.

Waliokulia Arusha, Kilimanjaro na kwingineko ambako maji yana floraidi nyingi, ile rangi ya kahawia si uchafu na haitoki kwa kusafishwa. Iliingia jino likiwa bado linajengwa utotoni. Ikikusumbua, zipo njia nyingine za kuipunguza au kuifunika, tuulize.

Ukija, kula kwanza. Njoo na dawa zako zote, hasa za presha, kisukari na za kuzuia damu kuganda, wala usiziache kunywa kwa ajili yetu. Mwenye kisukari asichelewe, kwa sababu sukari ikipanda fizi huharibika haraka, na fizi zikiugua sukari nayo inakuwa ngumu kudhibiti. Mama mjamzito tuambie ujauzito una miezi mingapi. Kama sindano inakutisha, sema mapema: tunapaka dawa ya ganzi kwenye fizi kwanza, na ukinyoosha mkono tunasimama hapo hapo, hata kama tumebakiza kidogo tu.