Uvumi huharibikia kwenye kunakili

Mhariri,

Wengi husema ujumbe wa WhatsApp huharibika kwa kusambazwa. Si hivyo hasa. Ukibonyeza mshale wa kusambaza, maneno hufika kama yalivyo, na alama ya kuonyesha kuwa umesambazwa juu yake. Kasoro huingia kwenye kunakili na kubandika: alama hutoweka, "kesho" ya mwezi jana inakuwa kesho ya leo, kisha mtu anachomeka "nimeambiwa na daktari". Tangu 2020, ujumbe uliosambazwa mara tano au zaidi hutumwa kwa gumzo moja tu kwa wakati. Mnakili hukwepa kizuizi hicho. Skrini shoti nayo, ikikatwa kingo, jina la mwandishi na tarehe huondoka nazo. Ukitafuta asili, tafuta sentensi ya katikati. Wanaonogesha huchezea zaidi kichwa na mkia.

Msomaji, Tanga