Mwambie daktari unakagua nguruwe

Mbeya, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Joshua,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi ndiyo inatutesa. Nimepata habari kwamba umehamishiwa machinjio ya nguruwe. Hongera, mwenzangu. Ila mkono uliozoea kukagua ng'ombe una mengi ya kujifunza kwa nguruwe, ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa kirefu badala ya kukupigia.

Unakumbuka mwaka juzi nilivyolalamika kuwa nina malaria isiyoisha? Haikuwa malaria. Asubuhi moja nilikuwa nakagua figo, kijana wa kutoa matumbo akapasua kibofu, mkojo ukaniruka usoni. Sikuwa na miwani. Kidole gumba kilikuwa na mkato wa kisu wa siku mbili nyuma, nimeufunga kitambaa tu, nacho kikalowa chapachapa. Nikajifuta kwa mkono wa koti nikaendelea, maana wauza kitimoto walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri mhuri.

Siku ya kumi homa ikanishika. Kichwa kinagonga, macho mekundu kama nimeshinda kwenye moshi, na mashavu ya miguu yanauma hata shuka likiyagusa. Zahanati ya kwanza kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nikapewa dawa mseto ya malaria hivyo hivyo. Ya pili wakasema taifodi. Macho yameanza umanjano ndipo daktari mmoja, binti mdogo tu, akaniuliza: "Mama, unafanya kazi gani?" Nilipomjibu akaweka kalamu chini. Akanianzishia doksisaiklini siku hiyo hiyo, damu ikapelekwa kupimwa. Ilikuwa leptospirosisi, ile homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa, Lindi, mwaka 2022, ikatangazwa kuwa watu 20 wameugua na 3 wamefariki. Vijidudu vyake hukaa kwenye figo za mnyama na kutoka na mkojo, na nguruwe mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa.

Linaloniuma mpaka leo ni kwamba nimeyasomea magonjwa haya, na bado nilipita zahanati mbili bila kuitaja kazi yangu. Nakuomba sana: ukishikwa na homa yoyote, kabla hawajakutoboa kidole, waambie unakagua nguruwe.

Kisha linda ngozi yako. Ukiwa na jeraha, hata la kucha, lifunike kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kuvaa glavu. Kuna bakteria wa nguruwe anayepenya kwenye jeraha na kushambulia utando wa ubongo. Anayepona anaweza kubaki kiziwi. Sichuan, China, mwaka 2005, waliugua zaidi ya watu 200, wengi wao waliokuwa wamechinja nguruwe wagonjwa au wafu au kuandaa nyama zao. Na ukiona mabaka ya umbo la almasi kwenye ngozi ya nguruwe, usimpapase kwa mkono mtupu. Kidole kikivimba na kuwa zambarau baada ya siku chache, nenda hospitali. Penisilini inautibu ugonjwa huo vizuri.

Noa kisu kila asubuhi. Kisu butu huteleza, na kikiteleza kinaishia mkono wa kushoto. Ulaya tangu 2014 nguruwe hukaguliwa kwa macho tu, kisu hutumika pale penye shaka. Sisi bado lazima tukate, kwa sababu ya mnyoo tegu, lakini kata panapohitajika. Mfuko wa uzazi usiufungue bila sababu.

Kuhusu tegu, vifuko vyake kwenye nyama havikudhuru kwa kuvigusa. Mayai yanayofika ubongoni na kuleta kifafa hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo, kwa hiyo pigania choo na sabuni hapo machinjioni kama unavyopigania mshahara. Vijana watakuuliza pia kuhusu homa ya nguruwe ya Afrika. Hiyo huua nguruwe, binadamu haimwingii.

Koti la kazi lisifuliwe beseni moja na nguo za Joshua.

Ijumaa nitampa dereva wa basi kifurushi: miwani, na glavu moja ya nyuzi za chuma, ya mkono wa kushoto. Vaa hiyo chini, ya mpira juu. Nitumie namba ya mguu wako nikutafutie na mabuti, haya wanayogawa kazini hupasuka kisigino.

Wako,
Mama Tumaini