Mwache kwanza atoe hewa

Moshi

Mama Neema mpendwa,

Salamu kutoka Moshi. Huku hatujambo, watoto wamerudi shule na baridi imeanza kupungua. Hongera sana kwa kuhamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Habari ya yule kijana mwenye pumu imenikaa moyoni. Unasema alipounganishwa tu na mashine ya kupumulia presha ikaporomoka, mkafungulia dripu, kisha daktari akachomoa mpira wa mashine, ule wa kooni ukabaki mahali pake, na presha ikapanda. Unauliza inakuwaje mtu aliyeshindwa kupumua apate nafuu kwa kuondolewa mashine.

Mwenye pumu kali hushindwa kutoa hewa zaidi ya anavyoshindwa kuivuta. Mirija yake imebana, imevimba, imejaa makohozi mazito. Anapovuta, kifua kinatanuka na mirija inafunguka kidogo. Anapotoa, inabana tena, ndiyo maana ule mluzi wake huwa mrefu. Mashine nayo haimsubiri. Zamu yake ikifika inasukuma pumzi mpya juu ya ile ambayo haijaisha kutoka. Umepanda vifodi vya Ngaramtoni jioni, unajua inavyokuwa watu wakiingia kabla wa ndani hawajashuka. Kifua kinazidi kujaa, mgandamizo unabaki ndani, na namba uliyoiweka wewe ya PEEP, yaani mgandamizo ambao mashine huubakiza mapafuni mwisho wa kutoa pumzi, haikuonyeshi. Pepe na Marini, madaktari wa Marekani, waliandika mwaka 1982 kuhusu PEEP hii iliyojificha, wakaonyesha kwamba ukiziba njia ya kutolea hewa mwishoni mwa pumzi, mgandamizo wake unasomeka.

Presha ya damu inashuka kwa sababu kifua kilichojaa hivyo kinaminya mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni. Moyo ukikosa cha kusukuma, utasukuma nini? Dripu husaidia kidogo, lakini chanzo ni hewa. Daktari wenu alipochomoa mpira, hewa ilipata nafasi ya kutoka na damu ikarudi moyoni. Alifanya jambo sahihi kabisa. Ila kumbuka: ukichomoa, ukasubiri kidogo huku ukitazama oksijeni, na presha isipande, fikiria haraka kwamba pafu limetoboka na hewa imekusanyika nje yake. Hapo itabidi kifua kitobolewe bila kuchelewa.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile kinachotokea majibu ya damu yakirudi na kabonidayoksaidi iko juu. Mkono wa karibu kila mtu huenda kwenye kuongeza idadi ya pumzi. Piga hesabu nami. Ukiweka pumzi 20 kwa dakika, kila moja ina sekunde 3. Kuingiza hewa kukichukua sekunde 1, zinabaki 2 za kutoa. Ukishusha hadi 12, kila pumzi ina sekunde 5, na za kutoa zinakuwa 4. Mara mbili! Kwa mgonjwa huyu kuongeza pumzi kunaweza kuzidisha hewa iliyonaswa, na kabonidayoksaidi yenyewe ikapanda zaidi. Heri pumzi chache, ndogo, zinazoingia kwa kasi, huku salbutamoli na dawa nyingine zikifungua mirija. Kabonidayoksaidi iliyopanda kiasi huvumilika, ilmradi mgonjwa hana tatizo la mgandamizo kichwani. Darioli na Perret wa Uswisi walichapisha mwaka 1984 habari za wagonjwa wa pumu waliowapumulisha polepole namna hiyo, na hawakupoteza hata mmoja.

Kama mashine yenu ina kioo cha mawimbi, tazama mstari wa mtiririko wakati wa kutoa pumzi. Lazima urudi sifuri kabla pumzi inayofuata haijaanza. Usiporudi, hewa inanaswa. Kama haina, weka stetoskopu kifuani: mluzi ukiwa bado unaendelea pumzi mpya inapoingia, umeshapata jibu lako. Na mkiwa mnatumia Ambu, ule mfuko wa kupumulisha kwa kuminya kwa mkono, tafadhali mwenzangu, mwambie anayeminya ahesabu, aachie, angoje. Mtu akiogopa huminya haraka haraka bila kujijua, na kwa mgonjwa wa pumu hilo linaweza kuusimamisha moyo.

Utapata pia bibi zetu waliopika kwa kuni miaka yote, mapafu yao yamechakaa kwa moshi. Kwao hesabu kifua kinavyojaribu kuvuta, kisha linganisha na pumzi ambazo mashine inatoa. Kifua kikijaribu mara nyingi kuliko mashine inavyojibu, mara nyingi ni hewa hiyo hiyo iliyonaswa: bibi lazima kwanza aushinde mgandamizo wake ndipo mashine imsikie. Mwite daktari. Huenda akaongeza PEEP ya mashine kidogo, chini ya ile iliyojificha, ili bibi apunguziwe kazi.

Ningependa sana uliseme hili kwenye makabidhiano ya zamu, hasa kwa vijana wanaoanza. Wengi wamefundishwa kutazama namba za oksijeni na presha tu.

Nijibu uniambie mashine zenu zina kioo cha mawimbi au la, na usiku mnabaki wauguzi wangapi. Nikipata likizo nitakuja Arusha tukae nazo pamoja. Msalimie Baba Neema na watoto.

Wako,
Mama Gifti