Vijana wanaokwenda kujitolea kliniki za nje waambiwe ukweli

Mhariri,

Naona siku hizi mnaandika sana kuhusu vijana kwenda nchi za nje kujitolea kwenye kliniki, na picha ni zilezile, mtu kavaa stethoskopu shingoni kazungukwa na watoto wanacheka. Sipingi, nimeifanya kazi hiyo na naipenda mpaka leo, ila jamani andikeni na ile sehemu isiyopigwa picha maana ndo kubwa.

Mlango haujafunguliwa bado na mabenchi yameshajaa, wengine wametoka kwao usiku. Kama wewe si daktari wala nesi basi kazi yako ni kuandika majina kwenye rejista, kupima uzito, kupima joto, kuita anayefuata, mpaka sauti inakauka. Watoto wadogo wanapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, unazungushwa katikati ya bega na kiwiko, ukisoma chini ya sentimita 11.5 huyo ana utapiamlo mkali na foleni haimhusu tena. Kwa kutazama ni kitu rahisi, sasa ukiubana sana namba inashuka, ukiulegeza inapanda, mtoto anarusha mikono analia, na mama wala haangalii utepe, anakuangalia wewe usoni aone kama umeshtuka.

Halafu lugha. Mgonjwa anaeleza weee, anashika mgongo, anashika kifua, anaonyesha na mlango aliotokea, mkalimani anakugeukia anakwambia "anasema tumbo". Basi! Na mara nyingi huyo mkalimani si mkalimani, ni mfagizi kaitwa aache ufagio, au ni mtoto wa mgonjwa mwenyewe, sasa niambieni mama atasemaje habari za kutokwa damu kupitia kwa mwanawe wa kiume? Hasemi. Anaondoka na vidonge vya maumivu. Kliniki inayotaka watu wa kujitolea ingeanza kwa kumlipa mkalimani, hayo ndo maoni yangu.

Friji ya chanjo nayo ina kesi zake. Lazima iwe kati ya nyuzijoto 2 na 8, inasomwa asubuhi na jioni na kuandikwa, wikendi pia, umeme ukikatika hakuna kufunguafungua. Kuna chanjo zikiganda ndo zimeharibika hata zikiyeyuka zikaonekana nzima. Mwenzetu mmoja alitia soda yake humo, nesi mkuu alimtolea maneno siwezi kuyaandika gazetini.

Kinachoniudhi hasa ni hiki, wanaachiwa wanafunzi ambao hawajafuzu wachome sindano na kushona vidonda, vitu ambavyo kwao hawaruhusiwi kuvigusa bila msimamizi, eti kwa sababu hapa watu ni wengi na madaktari wachache. Mgonjwa haambiwi kuwa anayemshona anajifunza. Na masanduku ya dawa wanayokuja nayo! Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu 1996 kwamba dawa ya msaada ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, lakini sisi mchana tunakaa kuchambua vidonge vinavyoisha mwezi ujao, vingine vimeandikwa lugha ambayo mfamasia hawezi kusoma, na kuviharibu inavyotakiwa ni kazi na ni gharama, huwezi kutupa tu shimoni.

Kwa hiyo Mhariri mkiandika tena habari hizi naomba muwaulizie vijana maswali kwa hayo mashirika yanayowapeleka. Nani atanisimamia? Nina kibali cha kugusa mgonjwa kwenye nchi hiyo au sina? Nikijichoma na sindano iliyotumika dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zipo hapohapo au nitasafirishwa, maana zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora? Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu na zinachukua kama miezi sita, mtu akiambiwa wiki ya kuondoka hana muda wa kuzimaliza. Shirika likianza kubabaika kwenye maswali hayo kijana asilipe hata nauli.

Msomaji wenu,
aliyewahi kujitolea