Mhariri, wazee wetu wanakosa chanjo ambayo ni bure

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naandika nikiwa Columbus, Ohio, naishi na mama yangu ana miaka 76, na shida yangu ni hizi chanjo za wazee na Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, maana naona familia nyingi za kwetu huku zinapita njia ile ile na hakuna anayesema.

Mama alienda klinik kwa daktari wake wa siku zote, akaambiwa kwa umri wake anatakiwa achome chanjo ya mkanda wa jeshi. Akakubali vizuri tu. Kufika kaunta, dada wa mapokezi akamwambia hiyo hapa hatuwezi kuidai Medicare, ukitaka saini hapa kwamba utalipa mwenyewe. Mama kusikia kulipa mwenyewe akachukua koti lake akarudi nyumbani, mnajua wazee wetu wanavyoogopa bili za huku, umeshasahau ulienda hospitali lini halafu barua inakuja unadaiwa mamia ya dola. Mimi nilikuwa kazini, wala hakunigusia.

Haikupita miezi saba mkanda ukamtoka. Kuanzia mgongoni ukazunguka ubavu wa kushoto mpaka chini ya titi, malengelenge tupu, na mama akauficha siku 4, kwa sababu yeye anakumbuka kule nyumbani miaka ya 90 mtu akitokwa na mkanda wa jeshi majirani walikuwa wanasema tayari huyo ana ukimwi. Akaona aibu hata kwangu mwanae. Wakati ukweli ni kwamba ni virusi vile vile vya tetekuwanga aliyougua utotoni, vinalala kwenye mishipa ya fahamu miaka yote, kinga ya mwili ikipungua uzeeni vinaamka. Dawa yake inafanya kazi vizuri ukiianza ndani ya siku 3 za mwanzo, sisi tumemfikisha siku ya 5. Vipele vilikauka lakini maumivu yakabaki miezi, hata kanga ikimgusa pale ubavuni anashtuka.

Halafu ndo naja kujua chanjo ilikuwa bure! Yaani bure kabisa, na famasi iko dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu.

Iko hivi. Medicare imezigawa chanjo mafungu mawili. Ya mafua, ya nimonia na ya Covid ziko Part B, ambayo ni fungu la kulipia daktari na klinik, ndo maana klinik wanakuchoma pale pale. Ya mkanda wa jeshi, ya RSV (virusi vya njia ya hewa) na ya pepopunda ziko Part D, ambayo ni bima ya dawa inayoendeshwa na kampuni binafsi, na klinik nyingi hazina njia ya kuzidai moja kwa moja hizo kampuni, famasi wanayo. Zamani hata mwenye Part D alikuwa anachangia hela, lakini ile sheria ya Inflation Reduction Act aliyosaini Rais Biden Agosti 2022 ilifuta hilo, tangu Januari 1, 2023 halipi hata senti kwa chanjo zinazopendekezwa kwa watu wazima. Na wenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nao wakaingizwa Oktoba 2023.

Sasa mzee atajuaje B na D? Yeye anamjua daktari wake basi. Mimi naona huku kugawa ndo kosa lenyewe, na si mimi peke yangu, MedPAC ambao ndo wanaishauri Congress, yaani bunge la Marekani, mambo ya Medicare walipendekeza 2021 chanjo zote zihamie Part B, lakini mpaka leo naandika ziko kule kule. Na hata kabla sheria haijabadilika, ni maneno mangapi yale kumwambia mtu "mama hapa hatuna, nenda famasi utachanjwa bure"? Maneno hayo yangemuokoa mama yangu.

Na sisi watoto tuamke. Angalieni kadi za wazazi, ile ya rangi nyekundu, nyeupe na bluu inaonyesha A (ya kulazwa hospitali) na B tu, Part D inakuwa na kadi yake pembeni au iko ndani ya mpango wa Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi. Kuna wazee hawakujiunga na D kwa kuwa hawatumii dawa yoyote, hao chanjo ya mkanda hawaipati bure, na kila mwezi unaochelewa kujiunga na D faini inaongezeka. Dirisha la kujiunga ni Oktoba 15 mpaka Desemba 7.

Mama ameshachoma dozi zote 2 famasi, maana hata aliyeugua anachanjwa. Ya pili ilimpa homa usiku mmoja na mkono ukauma, asubuhi akanywa chai yake. Naomba gazeti muandike orodha ya hizi chanjo kwa Kiswahili, herufi kubwa, nitaibandika msikitini na nitampa jirani yangu Mkongo aibandike kanisani kwao.

Msomaji wenu, Columbus, Ohio